Idadi ya Watu: Sifuri

Dogo alisimama saa mbili na robo asubuhi, na mbuzi wote wa mtaa wa chini wakakimbia.

Alikuwa amekaa kitako kwenye ua wa kiwanda cha zamani cha samaki, magoti yamefika usawa wa masikio, kama mtu mzima aliyekalishwa kwenye kigoda cha mtoto. Kisha taa ndogo ya bluu ikawaka begani mwake. Goti la kwanza likakunjuka bila kelele, la pili likafuata, mgongo ukanyooka pingili moja baada ya nyingine, na kichwa kikapita juu ya bati la kiwanda. Mita tano na nusu. Ndiyo maana walimwita Dogo.

"Jamani, anapumua," akasema Mama Sungwa, mfinyanzi, akiwa ameshika kifua chake mwenyewe.

"Hapumui, Mama. Ni pampu ya maji ya kupoza mwili," akajibu Limi bila kuinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake.

"We niache. Anapumua."

Luhende, mpiga ngoma, hakungoja amri. Aliweka vijiti juu ya ngozi akapiga mara tatu, taratibu, kama anayebisha hodi. Dogo akageuza shingo kutafuta sauti ilikotoka. Akaipata. Bega la kushoto likashuka, la kulia likapanda, na ghafla lile jitu la vyuma likawa na kiuno. Lilicheza! Vumbi la ua lilipanda, madirisha ya jirani yalifunguka, na vile vigari vya kamba vinavyopita juu ya Mwanza kutoka jabali hadi jabali vikasimama hewani kwa sababu abiria wote walihamia upande mmoja kutazama, na mashine ya kigari haipendi kuelemewa.

Limi alipiga kelele kama mtoto. Miaka sita! Miaka sita ya kuambiwa chuma hakichezi.

Dogo hakuwa kazi ya mtu mmoja. Kundi lao liliitwa Jabali, na kanuni yake ilikuwa moja tu: hakuna kitu kinachotoka nje ya ule ua kabla kila fundi hajakigusa. Mifupa ya Dogo ilichomelewa na fundi vyuma. Viungo vyake, vile vinavyozunguka kwenye goti na kiwiko, vilikuwa vya udongo wa ziwani alioufinyanga Mama Sungwa na kuuchoma siku tisa, mgumu kuliko chuma na laini kama kioo. Ngozi yake ilikuwa ya gome la mti, imeshonwa na fundi cherehani kwa mshono ambao hauachii hata ukiuvuta. Uso ulipakwa na mchoraji. Mapigo yalikuwa ya Luhende. Akili yake, akili unde iliyokaa ndani ya kifua kwenye sanduku lisilozidi ukubwa wa tofali, ilikuwa kazi ya Limi, mhandisi.

Na kucheza kwenyewe kulikuwa kwa Ng'washi.

Ng'washi alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameikunja, anamtazama Dogo akifanya kile anachofanya yeye. Kwa miezi minane alikuwa akivaa vazi-nakili, nguo ya kubana yenye vihisi elfu mbili, kila kimoja kidogo kama mbegu ya ufuta. Akicheza, vihisi vinaandika: goti limekunjwa kiasi gani, unyayo umegusa chini kwa uzito upi, pumzi imeingia lini. Usiku kucha sanduku la Limi lilikuwa likisoma maandishi hayo. Asubuhi Ng'washi anavaa tena.

"Lile ni bega langu," akasema.

"Ni lako kabisa!" Limi alimkimbilia akamkumbatia. "Umeona? Umejiona?"

"Nimejiona." Akatabasamu kidogo. "Mbona hasimami?"

"Kusimama vipi?"

"Pale katikati. Mimi nikifika pale huwa nasimama. Mapigo matatu, sifanyi kitu. Halafu ndiyo naendelea."

Limi akakuna kichwa. "Nilipaondoa. Jicho la miguu lilikataa."

Jicho la miguu ndilo lililokuwa fahari kubwa ya Limi. Dogo hakuwa anacheza tu. Alikuwa na macho sita kichwani, na macho hayo yalitazama miguu ya watazamaji. Miguu ikisogea kumkaribia, alijua hatua ile imependwa, akaiongeza. Ikirudi nyuma, aliiacha, akajaribu nyingine. Ili ajifunze umati ukoje, Limi alimlisha picha za video mia nne za zamani za mashindano ya ngoma, zilizopigwa na watu wa kawaida kwa simu zao, enzi za babu zao. Na picha zile zilisema mchezaji akisimama, watu hugeuza shingo.

"Ukisimama, watu wanaondoka," Limi akaeleza.

"Wengine wanaondoka," akasema Ng'washi. "Hao ndio huwa nawasubiri warudi."

Luhende akacheka. "Halafu picha zenyewe zile! Nusu yake unaona vumbi na visigino. Mtu anaanza kupiga picha ngoma hii, ngoma ya pili inapamba moto, unaona picha inatikisika, anakimbia huyo, mara yuko upande wa pili! Hazitulii hata moja."

"Mtikisiko hauna neno," akasema Limi. "Dogo anajua kuupuuza."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hakagui kitu mara mbili.

*

Mashindano yalikuwa baada ya siku nne, kwenye uwanja wa Kisesa. Kwa desturi ya Wasukuma, ngoma mbili hushindana kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na upande wake. Hakuna waamuzi wala alama za kuandika. Watu wanasimama katikati, ngoma zote zinalia, na kila mtu anakwenda inakomvuta miguu. Saa moja ikiisha, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Na kiongozi wa upande ulioshindwa huvuka mwenyewe, mbele ya macho ya wote, akacheze hatua tatu nyuma ya mshindi. Asipovuka, haitwi tena mtu wa ngoma. Mji ulikuwa umebadilika kila kitu, maji yanaletwa na roboti, watoto wanasoma na akili unde, lakini hilo halikubadilika.

Mwaka huo mshindi angepata kitu ambacho hakuna ngoma iliyowahi kupata. Juu, kwenye Makao ya Mwezini, walikuwa wanaishi watu mia nne na kumi na wawili kutoka nchi nyingi za Afrika, mafundi na wachimbaji, wengine hawajarudi nyumbani kwa miaka mitano. Walikuwa wametuma ujumbe mfupi: *Tumechoka kutazama ukutani. Tuleteeni ngoma.* Chombo cha mwezi wa nane kilikuwa na nafasi. Nafasi ya watu watatu, au ya sanduku moja kubwa. Moja kati ya hayo, si yote mawili.

Kila kundi lilitakiwa kutuma fomu kabla ya mashindano. Jioni ile, wenzao wakiwa bado wanashangilia uani, Ng'washi aliingia ofisini kutafuta dawa ya kuchua goti. Kishikwambi cha Limi kilikuwa mezani, kimewaka. Hakuwa mpekuzi. Ila jina la kundi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake mistari michache, mifupi.

*Ngoma: Dogo. Urefu ukikunjwa: mita moja na nusu. Uzito: kilo mia mbili na kumi. Idadi ya watu: 0.*

Limi alimkuta amesimama hapohapo.

"Sifuri," akasema Ng'washi.

"Ng'washi, sikiliza kwanza. Mtu anahitaji hewa. Anahitaji maji, chakula, na chombo cha kumrudisha. Akikaa wiki mbili ni gharama ya kutisha, halafu anaondoka, wale wanabaki na ukuta wao. Dogo anakula jua. Atakaa nao miaka ishirini, kila siku, kila wakimtaka. Na uzito wa kule ni moja ya sita ya huku, mtu atajifunza upya hata kutembea. Dogo nimeshampigia hesabu zote."

"Hesabu zako sawa. Mimi sibishi."

"Sasa?"

"Ulinionyesha kila kitu. Goti ulinionyesha, jicho ulinionyesha, hata vile viungo vya Mama Sungwa vilipopasuka mara ya kwanza uliniita usiku nije nione. Hii fomu umetuma lini?"

Limi akakivuta kishikwambi upande wake.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu nilikuwa ndani ya lile vazi. Nilikuwa navaa asubuhi nalivua jioni, nikidhani nafanya mazoezi." Ng'washi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kumbe nilikuwa nahamishwa, kama vyombo vya mpangaji."

"Si hivyo. Yule ni wewe! Watakaomwona watakuwa wanakuona wewe."

"Basi wakiniona wanisalimie." Akachukua chupa ya dawa. Akafika mlangoni akageuka. "Wale watu waliomba ngoma, Limi. Wewe umewapelekea ukuta unaotembea."

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Vazi-nakili lilining'inia kwenye msumari, limechukua umbo lake mabegani.

"Nimtafute?" akauliza Luhende.

"Atarudi," akasema Limi. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na asiporudi, Dogo anayo yote." Baada ya kulisema alitamani kulimeza.

*

Siku ya mashindano anga la Kisesa lilikuwa limejaa ndege-nyuki, vile vidude vidogo vya kuruka, vinazunguka juu ya vichwa vikihesabu watu. Ubao mkubwa wa taa ulionyesha idadi ya kila upande. Watu walikuwa elfu kumi na moja na kitu. Wamekuja kwa treni, kwa vigari, kwa miguu, na wauza miwa walikuwa wamekwisha kupanga maganda yao malundo malundo.

Wapinzani wao walikuwa kundi la ngoma ya majembe kutoka Magu. Watu kumi na wanane, majembe kumi na manane, ngoma nne. Kiongozi wao, Manyilizu, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili, na kabla hata ya kuanza alivuka kuja kumsabahi Limi.

"Mwangaluka, Mhandisi! Huyu ndiye Dogo?" Akamtazama Dogo kuanzia kwenye vidole, macho yakapanda, yakapanda, mpaka kofia ikamwanguka. "Mwenzangu, huyu akishinda nani atamvisha shada? Mtakodi ngazi?"

"Wewe shindwa kwanza, ngazi tunayo," akajibu Luhende.

"Aka! Sisi tukienda Mwezini mbona itakuwa raha. Nasikia huko ukirusha jembe juu, unakwenda kula, unapumzika, ukirudi ndiyo linashuka!"

Watu walicheka pande zote. Hata Limi alicheka. Alichohisi hakikuwa hofu. Ilikuwa ni ile hali ya kujua kwamba kitu ulichokijenga kwa miaka kiko karibu kuonekana na kila mtu.

Baragumu likalia saa tisa kamili.

Na Dogo akawameza! Hakuna namna nyingine ya kulisema. Luhende alipiga, Dogo akainua mguu wa kwanza, akaushusha, na ardhi ikasikika hadi kwenye meno. Watu walimiminika. Macho sita yakazunguka, yakasoma miguu, yakachagua: bega wanalitaka, bega akawapa. Kiuno wanakitaka, akakizungusha mpaka gome la mti likatoa mlio kama mvua kwenye mabati. Watoto waliokaa mabegani mwa baba zao walikuwa usawa wa mapaja yake, wananyoosha mikono wamguse. Ubao ukasoma elfu sita. Elfu saba na mia tano. Elfu nane! Upande wa majembe walibaki watu wa Magu wenyewe na ndugu zao, na baadhi ya ndugu walikuwa wamekwisha kugeuza shingo.

"Mama!" Limi alimshika Mama Sungwa mkono. "Viungo vyako! Tazama goti lile!"

"Naliona mwanangu, naliona, nitakufa leo!" Mama Sungwa alikuwa analia na kucheza kwa pamoja.

Dakika thelathini na tano. Upande wa pili watu wa majembe walifungua safu yao katikati, na mtu akapita.

Limi hakumtambua kwa sura, kwa maana alikuwa mbali. Alimtambua kwa bega. Aliyeliona bega lile kwa miezi minane, kwenye michoro, kwenye namba, kwenye ndoto, hawezi kukosea. Ng'washi alikuwa na jembe mkononi, kanga kiunoni, miguu mitupu.

"Aa-aa," akasema Luhende. Hakuacha kupiga.

Ng'washi alianza taratibu. Hatua alizocheza zilikuwa zilezile za Dogo, na watu wa pembeni wakaanza kunong'onezana, wakitazama huku, wakitazama kule, kama mtu aliyeona mapacha njiani. Wachache wakasogea ili walinganishe. Kisha akafika pale katikati. Alilirusha jembe juu, juu sana, likizunguka na kumeta kwenye jua, na akasimama.

Hakufanya kitu. Ngoma nne za Magu zilinyamaza pamoja naye, kama zilizokatwa na kisu kimoja.

Pigo moja. Jembe bado linapanda.

Pigo la pili. Upande wa Limi mtu akageuza shingo. Kumi wakageuza. Kimya kilitoka kule kikaja kikatambaa juu ya vichwa vya watu, kikawa kikubwa kuliko kelele zote za Dogo. Elfu kumi na moja wakawa wanatazama jembe moja.

Pigo la tatu. Jembe likashuka, mkono ukalipokea bila kulitazama, na ngoma zote nne na miguu yote thelathini na sita ya wapiga majembe ikatua chini kwa pamoja.

Uwanja ulipasuka. Watu walikimbia! Walivuka kwa mamia, wanawake wameshika watoto mikono, wauza miwa wameacha miwa, na ubao wa taa ukawa unabadilika haraka hata huwezi kusoma. Elfu saba. Elfu sita. Elfu nne na mia tisa.

"Mwongezee kasi!" Limi alimfokea Luhende.

"Naongeza!"

"Huongezi! Unapiga kitu kingine kabisa!"

Luhende akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Ilikuwa inapiga mapigo ya Magu. "Limi, mwenzio sina la kusema," akasema. "Mikono imekwisha kuvuka, umebaki mwili."

Na hapo ndipo Dogo alipoacha kucheza. Macho yake sita yaligeuka yote kwa pamoja kutazama upande wa majembe. Taa ya begani ikapepesa. Kichwa kikainama kidogo, kama cha mtu anayejiuliza jambo, kisha akageuka mwili mzima, na mguu wa kwanza ukaenda mbele.

"Anakwenda wapi?" Mama Sungwa akauliza.

Limi alikuwa amekwisha kufungua kishikwambi. Mistari ya akili ya Dogo ilikuwa inapita, naye aliifuata kwa kidole. Hapakuwa na hitilafu. Dogo alikuwa anafanya alichofundishwa. Picha mia nne, na kila moja ilipigwa na mtu aliyesimama kwenye umati. Hakuna hata moja iliyopigwa na mchezaji. Na kila mpiga picha, ngoma ya pili ilipozidi utamu, alikuwa ametoa mguu akakimbia. Limi aliambiwa kwamba picha zinatikisika, akadhani mtikisiko ni uchafu wa kufutwa. Kumbe ndilo lilikuwa somo lenyewe. Kwa Ng'washi Dogo alijifunza kucheza. Kwa wale wapiga picha mia nne, waliokwisha kufa wengi wao, alijifunza kuvutwa.

Dogo alikuwa anahama.

Kwenye pembe ya kishikwambi palikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza, viungo vyote vinafunga, jitu linasimama hapohapo kama mnara. Limi aliweka kidole juu yake. Zimebaki dakika kumi na nane. Akimsimamisha sasa, akamwasha upya, akamfungia macho asione upande wa pili, watu wengine watarudi kwa mshangao tu. Aliipiga hesabu kichwani kwa kufumba na kufumbua. Ilikuwa inawezekana. Angeweza kushinda.

"Bonyeza," akasema fundi vyuma nyuma yake. "Dada Limi, bonyeza, tunapoteza!"

Limi alitazama uwanjani. Watu walikuwa wanampisha Dogo njia, wanampigia vigelegele, na yeye anatembea kwa uangalifu mkubwa, anatafuta pa kuweka unyayo pasipo mtu, kama mgeni anayepita katikati ya mikeka ya wenyeji. Halafu akatazama chini. Mguu wake mwenyewe wa kulia ulikuwa unapiga. Hakujua ulianza lini. Ulikuwa unafuata ngoma ya Magu, sawasawa, bila ruhusa.

Alitoa kidole.

"Nyie vukeni," akasema. "Atakayebaki huku abaki kulinda vyombo."

Hakubaki mtu. Luhende alijitwika ngoma yake kichwani akakimbia. Mama Sungwa alivua viatu. Ubao wa taa, ambao hauhesabu kiongozi wa kundi, ulisoma upande wa Jabali: *0*.

Limi ndiye aliyevuka wa mwisho. Uwanja mtupu ni mrefu kuutembea peke yako, hasa watu elfu kumi na moja wakikutazama. Walikuwa wamekwisha kujua yeye ni nani, na walimwachia njia ileile waliyomwachia Dogo. Manyilizu alimpokea katikati, jasho linamtiririka, furaha imemjaa mpaka kwenye masikio.

"Wabeja, asante sana, Mhandisi! Karibu huku kwa watu!"

"Hongera, kaka. Nafasi tatu ni zenu."

"Zetu? Mimi sipandi hata kigari cha kamba, kizunguzungu kinaniua. Muulize huyu," akaelekeza kidole. "Alikuja kwetu juzi na goti limevimba. Tukamwambia, dada, kaa upumzike. Akasema atapumzika Mwezini, kule goti halina uzito."

Ng'washi alikuwa anacheza. Nyuma yake Dogo amesimama na kichwa juu ya umati wote, macho sita yanameta, anamtazama yeye tu, hachezi. Ni mtazamaji aliyepata nafasi nzuri.

"Umechelewa," Ng'washi akamwambia Limi, bila kuacha hatua.

"Nilikuwa na kazi ya kufuta ile sifuri ya kwenye fomu."

"Umeifuta?"

"Bado. Sijui niandike ngapi. Huko juu utahitaji mtu wa kukupigia ngoma. Na mtu wa kukufundisha kutembea kwenye moja ya sita."

"Huyo wa pili anajua kucheza?"

"Hajui."

"Basi leo ni leo." Ng'washi akampokonya jirani jembe, akalirusha hewani kuelekea kwa Limi. "Hatua tatu! Desturi ni desturi!"

Limi alilidaka kwa mikono miwili, vibaya, mpini ukampiga kidevuni. Watu wakashangilia. Akaingia safu ya nyuma. Hatua ya kwanza akaweka mguu wa kushoto badala ya kulia. Ya pili akachelewa. Ya tatu, akijaribu kuwahi, akaruka kidogo mahali ambapo hakuna mtu yeyote anayeruka, akapepesuka, akashika bega la Luhende asianguke.

Taa ya bluu ikawaka juu ya kichwa chake.

Dogo alikuwa amegeuza macho. Alimtazama Limi, miguu yake, kidevu chake, jembe lililoshikwa kinyume. Kisha yule mwenye mita tano na nusu akaweka mguu wa kushoto badala ya kulia. Akachelewa. Akaruka kidogo, pale pasiporukwa, ardhi ikatikisika hadi kwenye maganda ya miwa, akapepesuka, na akanyoosha mkono wake mkubwa wa gome kutafuta bega la mtu.

Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Ng'washi alicheka mpaka akaacha kucheza, akajishika magoti.

"Tena!" watu wakapiga kelele. "Mhandisi, tena!"

Na Limi, ambaye katika miaka sita hakuwahi kuvaa lile vazi hata siku moja, akarudia, akakosea vilevile, na Dogo akamfuata.